Safari kuchelewa: chati inavyomwonyesha msafirishaji kama tatizo ni la dereva au la utaratibu

Wasafirishaji wengi wa mizigo kati ya Dar es Salaam na nchi jirani huweka kumbukumbu za safari: saa ya kutoka bandarini, siku ya kuvuka mpaka, siku ya kushusha. Kumbukumbu hizo hufunguliwa zaidi mambo yanapoharibika. Mteja akilalamika kwamba mzigo umechelewa, tajiri hufungua daftari, huangalia safari ya mwisho, huilinganisha na iliyotangulia, kisha hutoa uamuzi. Dereva anakatwa posho, anapewa onyo, au ananyang'anywa gari.

Uamuzi wa namna hiyo hugharimu fedha na watu, na mara nyingi hauna msingi. Safari mbili zikitofautiana, tofauti hiyo peke yake haielezi chochote, kwa sababu hakuna safari mbili zinazofanana. Jambo la kujua ni kama tofauti iliyoonekana ni ile ya kila siku, au ni dalili kwamba kuna kitu kimebadilika.

Ipo njia ya hesabu inayojibu swali hilo. Wataalamu huiita udhibiti wa mchakato kwa takwimu, na chombo chake kikuu ni chati ya udhibiti. Ingawa ilianzia kiwandani, njia hiyo haihitaji kiwanda. Inahitaji daftari, kalamu, rula na hesabu za kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya.

Ilikotoka

Mwanzilishi wa chati hii ni Walter Shewhart, mwanafizikia wa Marekani aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Western Electric, iliyokuwa ikitengeneza vifaa vya simu. Tarehe 16 Mei 1924 alimwandikia mkuu wake waraka mfupi wenye mchoro, na mchoro huo ndio chati ya kwanza ya udhibiti. Mwaka 1931 alichapisha kitabu kilichoeleza njia yake kwa kirefu.

Tatizo lililokuwepo kiwandani linafanana na la msafirishaji wa leo. Kila kifaa kilipotoka tofauti kidogo na kinachotakiwa, mafundi walirekebisha mashine. Marekebisho hayo yaliyofuata kila tofauti ndogo yaliongeza tofauti badala ya kuipunguza. Shewhart alionyesha kwamba kabla ya kugusa mashine ni lazima kwanza kujua kiasi cha tofauti ambacho mashine hiyo huleta ikiwa katika hali yake ya kawaida.

Mwanatakwimu mwingine wa Marekani, W. Edwards Deming, aliipeleka elimu hiyo Japani mwaka 1950 kwa mwaliko wa chama cha wanasayansi na wahandisi wa nchi hiyo. Wakati huo bidhaa za Japani zilikuwa na sifa ya ubovu. Mwaka uliofuata, 1951, Wajapani walianzisha tuzo ya ubora yenye jina lake, ambayo hutolewa hadi leo.

Tofauti za aina mbili

Aina ya kwanza ni tofauti ya kawaida. Lori likitoka Dar es Salaam kwenda Kigali, muda wa safari hubebwa na mambo mengi madogo: foleni ya mizani ya Vigwaza, mvua, mlima, idadi ya malori yaliyotangulia Rusumo, kasi ya wakala wa forodha, nafasi ya kushushia kwa mteja. Siku moja mengi yanakwenda vizuri, siku nyingine mengi yanakwenda vibaya. Hakuna hata moja linaloweza kunyooshewa kidole peke yake. Tofauti hii ni mali ya utaratibu mzima, na mwenye uwezo wa kuipunguza ni mwenye utaratibu, yaani tajiri na meneja wake.

Aina ya pili ni tofauti ya tukio maalumu. Injini imekufa njiani. Namba ya lakiri ya kontena haifanani na iliyo kwenye hati. Dereva amepita njia nyingine kwa shughuli zake. Mwaka 2020, wakati wa janga la Uviko-19, Rwanda ilitaka madereva wa kigeni waachie magari mpakani kwa madereva wa Rwanda au mizigo ihamishiwe kwenye magari mengine, na safari za njia hiyo zikavurugika kwa muda. Haya ni matukio yenye jina, tarehe na mahali, na yanaweza kuchunguzwa moja moja.

Hasara huja pale aina moja inapochukuliwa kuwa ni nyingine. Tajiri anayechunguza na kuadhibu tofauti ya kawaida anapoteza muda na kuwaonea watu. Anayepuuza tukio maalumu kwa kusema "safari ndivyo zilivyo" anaacha tatizo likomae. Chati husaidia kupunguza makosa yote mawili.

Mfano wa safari 16

Tuchukue mfano wa kampuni ndogo yenye malori manne yanayokwenda Kigali kupitia Rusumo. Namba zifuatazo ni za mfano tu, zimetungwa ili hesabu ionekane. Ni saa zilizotumika kutoka geti la bandari hadi mzigo kumalizika kushushwa, kwa mfuatano wa safari:

92, 104, 88, 97, 110, 95, 101, 86, 99, 108, 94, 90, 103, 97, 91, 105.

Hatua ya kwanza ni kutafuta wastani. Jumla ya saa ni 1,560. Ikigawanywa kwa safari 16 inapatikana 97.5.

Hatua ya pili ni kutafuta tofauti kati ya kila safari na iliyoitangulia, bila kujali ipi ni kubwa. Kutoka 92 hadi 104 ni 12, kutoka 104 hadi 88 ni 16, kutoka 88 hadi 97 ni 9, na kuendelea hivyo hadi mwisho. Zinapatikana tofauti 15, jumla yake 165. Wastani wake ni 11.

Hatua ya tatu ni kuzidisha wastani huo wa tofauti kwa 2.66. Hii ni namba ya kitakwimu isiyobadilika, iwe kinachopimwa ni saa, lita au kilo. Mara 11 inatoa 29.26, yaani takriban 29.3.

Hatua ya nne ni kujumlisha na kutoa. Wastani wa 97.5 ukiongezwa 29.3 unatoa 126.8, ambao ni mstari wa juu. Ukipunguzwa 29.3 unatoa 68.2, ambao ni mstari wa chini.

Kisha zinachorwa nukta kwenye karatasi ya grafu, kila safari kwa zamu yake, pamoja na mistari mitatu ya kulala: wastani katikati, mstari wa juu na mstari wa chini. Hiyo ndiyo chati yote. Kazi ya kuiandaa haizidi nusu saa, na baada ya hapo kila safari mpya huongeza nukta moja tu.

Mtego wa adhabu na zawadi

Katika mfano huu hakuna safari hata moja iliyotoka nje ya mistari. Safari ya tano ilichukua saa 110, lakini bado iko chini ya 126.8. Kwa maneno mengine, utaratibu wa kampuni hii, kama ulivyo sasa, huzaa safari za saa 110 bila mtu yeyote kukosea.

Sasa tazama kinachotokea pasipo chati. Tajiri anaona 110, anakasirika na kumkata dereva posho. Safari inayofuata inachukua saa 95. Tajiri anaamini adhabu imefanya kazi. Safari ya nane inachukua saa 86, tajiri anafurahi na kutoa zawadi. Safari ya tisa inapanda hadi 99. Tajiri anajiambia kwamba madereva ukiwasifu wanalegea.

Masomo yote mawili ni ya uongo. Baada ya namba iliyo juu sana, inayofuata huwa kwa kawaida karibu zaidi na wastani, hata kama hakuna aliyeadhibiwa. Baada ya iliyo chini sana ni vivyo hivyo. Tajiri anayeamua kwa namna hii atafundishwa na namba zake mwenyewe kuwa mkali bila faida, na madereva wazuri watahamia kwa jirani.

Deming alikuwa na zoezi la kuonyesha jambo hili darasani. Alijaza chombo shanga nyeupe na nyekundu, nyekundu zikiwa asilimia 20. Watu kadhaa walichota shanga kwa kibao chenye matundu 50, na kila nyekundu ilihesabiwa kuwa kosa. Wastani ulikaribia nyekundu 10 kwa kila mchoto, lakini mmoja angepata chache na mwingine nyingi. "Meneja" wa zoezi aliwasifu wenye chache, akawagombeza wenye nyingi na hata kuwafukuza. Hakuna aliyeweza kufanya lolote kuhusu rangi ya shanga. Aliyejaza chombo ndiye pekee aliyeweza kupunguza nyekundu.

Safari ya 17

Tuseme safari inayofuata inachukua saa 133. Hiyo imevuka mstari wa 126.8. Hapa chati inasema kuna jambo lisilo la kawaida, na uchunguzi unapaswa kufanyika mara moja, wakati dereva, utingo na wakala bado wanakumbuka.

Swali la kwanza la uchunguzi ni "nini kilitokea safari hii ambacho hakikutokea katika zile 16?" Swali la "nani alaumiwe" likitangulia, majibu ya kweli hayatapatikana. Huenda ikabainika kwamba hati ilikuwa na kosa la namba ya kontena na lori likakaa mpakani likisubiri marekebisho. Hapo dawa inajulikana: mtu wa ofisini alinganishe kontena, lakiri na hati kabla lori halijatoka getini.

Nukta iliyo chini ya mstari wa chini nayo ni dalili. Safari ya saa 60 katika mfano huu haipaswi kushangiliwa kabla ya kuulizwa. Inawezekana kuna njia bora iliyogunduliwa, na wengine waifuate. Inawezekana pia dereva amekimbiza gari usiku kucha bila kupumzika, au saa zimeandikwa vibaya.

Ipo dalili nyingine isiyohitaji nukta kutoka nje ya mistari. Safari nane mfululizo zikiangukia upande mmoja wa wastani, kuna kitu kimebadilika. Sababu yake ni kama kurusha sarafu: uwezekano wa kupata upande uliouchagua mara nane mfululizo ni mara 1 kati ya 256. Kanuni hii ilikuwamo katika kitabu cha mwongozo cha Western Electric cha mwaka 1956, na bado inatumika.

Mteja anapotaka saa 96

Sehemu yenye fedha nyingi zaidi ni mkataba. Tuseme mteja wa Kigali anataka mzigo ufike na kushushwa ndani ya saa 96, na kila saa ya kuchelewa ina faini. Msafirishaji asiye na chati anaangalia safari nzuri chache, anaona inawezekana, anasaini.

Chati inasema vingine. Kati ya safari 16 za mfano, tisa zilizidi saa 96, na zote zilikuwa za kawaida. Hakuna dereva atakayebadilisha hilo kwa juhudi. Ahadi ya saa 120 nayo ina hatari, kwa kuwa utaratibu huu unaweza kufika karibu na 127. Ahadi ambayo kampuni inaweza kuitimiza kwa uhakika, bila kubadili chochote, ni kama saa 130.

Ni muhimu kutochanganya mambo haya. Saa 96 ni matakwa ya mteja. Mistari ya 68.2 na 126.8 ni sauti ya utaratibu wenyewe. Makosa yanayoonekana mara nyingi ni kuchora matakwa ya mteja kwenye chati na kuyaita mstari wa juu. Akifanya hivyo, msafirishaji atakuwa anachunguza "matukio maalumu" katika zaidi ya nusu ya safari zake, na hatapata kitu.

Kwa mteja, uhakika una thamani yake. Kitabu cha Benki ya Dunia cha mwaka 2010 kuhusu gharama za nchi zisizo na bahari kilieleza kwamba kutotabirika kwa safari huwalazimu wafanyabiashara wa nchi hizo kuweka akiba kubwa ya bidhaa ghalani, na akiba hiyo ni mtaji uliolala. Msafirishaji anayeweza kusema "saa 80 hadi 105, na hizi hapa safari zangu 30 za mwisho" ana hoja ya bei kuliko anayeahidi haraka na kushindwa.

Kubadili utaratibu

Ikiwa wastani wa 97.5 hautoshi, kazi inahamia kwa tajiri. Njia nzuri ni kuigawa safari katika vipande na kuvipima kimoja kimoja: kusubiri kupakia, barabarani hadi Rusumo, kukaa mpakani, mpakani hadi Kigali, kusubiri kushusha. Kipande chenye wastani mkubwa au chenye tofauti kubwa ndicho cha kuanza nacho. Mara nyingi huwa ni kipande ambacho gari limesimama.

Baadhi ya mabadiliko yameshafanywa na serikali. Rusumo ina kituo cha pamoja cha huduma za mpakani kilichofunguliwa rasmi Aprili 2016, ambapo maofisa wa Tanzania na Rwanda hufanya kazi chini ya paa moja. Utaratibu wa Himaya Moja ya Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ulioanza kutumika mwaka 2014, unaruhusu kodi kulipwa bidhaa zinapoingia katika jumuiya. Lakini nafasi hiyo humsaidia tu yule ambaye hati zake zimekamilika kabla ya lori kufika.

Tuseme kampuni ya mfano inaamua kwamba hakuna lori litakalotoka bandarini kabla wakala hajathibitisha kuwa hati zote ziko sawa katika mfumo wa forodha, na kwamba mteja atapigiwa simu saa 24 kabla ili aandae sehemu ya kushushia. Safari nane zinazofuata zinachukua saa 84, 91, 80, 88, 93, 79, 86 na 87.

Hakuna hata moja kati ya hizo iliyotoka nje ya mistari ya zamani. Lakini zote nane ziko chini ya 97.5, kwa hiyo kanuni ya nane mfululizo inathibitisha kwamba mabadiliko ni ya kweli. Wastani mpya ni 86, na wastani wa tofauti za jirani ni karibu 7.6. Mistari mipya ya muda inakuwa takriban 66 na 106. Sasa ahadi ya saa 110 inaweza kutolewa, na ikithibitika kwa safari nyingine kumi hivi, mistari inahesabiwa upya.

Ushahidi wa aina hii unamlinda tajiri dhidi ya kujidanganya. Safari moja nzuri baada ya agizo jipya haithibitishi kitu.

Mahindi na kipimo cha unyevu

Njia hiyo hiyo inamhusu mfanyabiashara wa nafaka, na hapa kinachochezewa ni zaidi ya fedha. Mwaka 2004 sumukuvu katika mahindi iliwaugua watu 317 mashariki mwa Kenya na maeneo ya jirani, na 125 walifariki dunia. Machi 5, 2021 Kenya ilisimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumu hiyo, na malori yakakwama mipakani. Siku chache baadaye zuio lilibadilishwa kuwa masharti, yakiwemo kusajiliwa kwa waagizaji na cheti kinachoonyesha kwamba sumu haizidi mikrogramu 10 kwa kilo.

Kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi kinataka unyevu usizidi asilimia 13.5. Unyevu mdogo pekee hauhakikishi kwamba sumu haipo, kwani ukungu unaweza kuanza shambani, lakini mahindi mabichi ghalani au chini ya turubai la lori ni mwaliko wa ukungu.

Tuseme mfanyabiashara anapima gunia moja kila baada ya muda fulani wakati wa kufungasha. Wastani wa vipimo ni asilimia 13.2, naye anaridhika kwa kuwa yuko chini ya 13.5. Lakini wastani wa tofauti kati ya vipimo vya jirani ni 0.3. Mara 2.66 ni 0.8. Mstari wa juu unafika asilimia 14.0. Maana yake ni kwamba utaratibu wake wa kukausha, ukiwa katika hali yake ya kawaida, unatoa magunia yaliyovuka kiwango. Ofisa wa mpakani akichomoa sampuli katika mojawapo, shehena nzima inasimama.

Mfanyabiashara huyo ana njia mbili. Anaweza kukausha zaidi hadi wastani ufike 12.7, ili mstari wa juu uwe 13.5. Lakini anauza kwa kilo, na maji yanayopotea ni uzito. Kwa shehena ya tani 30, kushuka kutoka 13.2 hadi 12.7 kunapunguza karibu kilo 172.

Njia ya pili ni kupunguza tofauti yenyewe: kutandaza mahindi kwa unene ulio sawa kwenye turubai, kuyageuza kwa saa maalumu, kutochanganya yaliyonunuliwa jana na ya leo, na kutumia kipimo kilekile kilichohakikiwa. Tofauti ya jirani ikishuka hadi 0.1, mstari wa juu unakuwa chini kidogo ya 13.5 hata wastani ukibaki 13.2. Kilo zinabaki, na mpaka unavukika.

Makosa ya kuepuka

Kosa la kwanza ni kuchanganya vitu visivyofanana. Safari za Kigali na za Lubumbashi ziwe na chati mbili. Lori tupu na lililobeba tani 28 yasiwekwe pamoja kwenye chati ya mafuta.

La pili ni kutokuwa na maana moja ya kipimo. Ikiwa dereva mmoja anahesabu tangu geti la bandari na mwingine tangu alipowasha gari yadi, chati itaonyesha tofauti za uandishi. Maana ya "kuanza" na "kumaliza" iandikwe juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari.

La tatu ni kuweka kumbukumbu za mwezi badala ya za kila safari. Wastani wa mwezi huficha safari ya saa 133 katikati ya safari nzuri. Ripoti za muda wa safari zinazotolewa na mamlaka za Ushoroba wa Kati, jijini Dar es Salaam, na za Ushoroba wa Kaskazini, Mombasa, zinafaa kwa kuona hali ya njia nzima, lakini haziwezi kumweleza msafirishaji hali ya malori yake.

La nne ni kubwa kuliko yote: kutumia chati kama fimbo. Dereva akijua kwamba kila nukta iliyo juu inakatwa kwenye posho, ataandika saa zinazompendeza tajiri, na chati itakuwa mapambo ya ukutani. Mojawapo ya kanuni 14 za Deming ni kuondoa hofu mahali pa kazi, na sababu yake ni ya kibiashara. Palipo na hofu hakuna namba za kweli.

Hii haina maana kwamba hakuna madereva wabaya. Chati ya lita za mafuta kwa kila kilomita 100, njia moja na mzigo wa aina moja, inaweza kuonyesha gari moja likipanda ghafla nje ya mistari. Hapo fundi aangalie kwanza pampu na nozeli, na dereva aulizwe. Lakini ikiwa magari yote manne yako ndani ya mistari, kumshuku mmoja kwa sababu mwezi huu ametumia zaidi ya wenzake ni kumwonea.

Pa kuanzia

Msafirishaji asianze na kila kitu. Achague namba moja inayomletea malalamiko au hasara, aiandike kwa kila safari bila kuruka, na akifikisha safari 16 hadi 20 ahesabu mistari yake. Malori machache yakisafiri mara mbili au tatu kwa mwezi kila moja, kazi hiyo inakamilika katika miezi miwili au mitatu. Kumbukumbu za zamani zikiwa sahihi, inaweza kufanyika leo.

Chati ibandikwe mahali ambapo madereva wanaiona, na kila anayerudi aweke nukta yake mwenyewe. Nukta ikiwa ndani ya mistari, tajiri asiulize. Ikitoka nje, wakae pamoja siku hiyo hiyo. Na kama mistari yenyewe iko mbali na anachotaka mteja, kikao hicho kiwe cha tajiri, meneja na wakala wa forodha, kwa sababu dereva hana cha kubadilisha hapo.